Fundi Aliyefagia Kompyuta

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, mke wangu alinigombeza kwa ajili ya kifungo.

Nilikuwa nimevaa shati la kijivu. Kifungo cha tumboni hakipo. Akanitazama juu mpaka chini.

"Unanipeleka hospitali ukiwa hivyo? Watu watauliza mke wake ni fundi wa nini, wa baiskeli?"

"Hakuna atakayeniangalia mimi. Mgonjwa ni wewe."

"Mimi nitakuwa nimelala. Ndiyo watapata nafasi ya kukuangalia vizuri."

Akachukua sindano. Akanishonea kifungo shati likiwa mwilini, nimesimama katikati ya chumba cha mbele, kikombe cha chai mkononi. Alinikataza kunywa mpaka amalize. Chai ikapoa. Nikainywa hivyo hivyo. Ukimwambia chai imepoa, anakwambia hakuna aliyekutuma kuota kitambi.

Mkoba wake wa hospitali ulikuwa umeshawekwa mlangoni. Yeye akarudi sakafuni kukata gauni la mtoto, kitambaa cha bluu. Nikamwambia gari la mkwe limeshafika.

"Lina breki," akasema. "Litasimama."

Ndivyo alivyokuwa.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Mimi nilikuwa fundi mwashi mpaka mgongo ulipokataa. Tuliitana Fundi, mimi na yeye. Mteja akisimama mlangoni akaita "Fundi!" tuliitika wote wawili. Baadaye binti yetu akaolewa na fundi kompyuta. Ikawa akiitwa Fundi tunatoka watatu, mteja anarudi nyuma.

Duka lake lilikuwa chumba chetu cha mbele. Cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kupigia pasi, kioo kirefu chenye ufa pembeni. Alikuwa mfupi. Wateja warefu aliwapima amesimama juu ya kigoda, na akiwa juu ya kigoda aliwasema.

Watu walimjua kwa mambo mawili. La kwanza, hakuwahi kuandika kipimo cha mtu. Alikupima mara moja, basi, umeingia kichwani. Ukirudi baada ya miaka anakutazama tu. "Mabega yako palepale. Huko chini umejiachia." Kuna watu mtaani walipoanza kunenepa walihamia upande wa pili wa barabara, wasipite mbele ya dirisha letu.

La pili, alifagia. Kila jioni, kabla hajafunga, alifagia vipande, nyuzi na pini mpaka sakafu ing'ae. Hata kama kuna mtu amesimama hapo na nguo ya harusi, atainua miguu. Mimi nilipokuwa nikitoka kazini na vumbi la simenti, alinifagia mlangoni kabla hajanisalimia. Alisema kazi ya kesho haianzi juu ya takataka za jana.

Kisha daktari akamwambia moyo umechoka. Inabidi apasuliwe. Siku ikapangwa.

Nilidhani ataogopa kisu. Hakuogopa kisu. Aliogopa duka. Binti yetu ndiye angelishika, na binti yetu anashona vizuri sana, ila kupima hajui. Alishawahi kumpima mwalimu wa kwaya akamshonea suruali. Mwalimu wa kwaya ni mtu mwenye tumbo la heshima. Jumapili ile aliongoza nyimbo zote akiwa ameketi, kwa ajili ya usalama.

"Vipimo vya mtaa mzima vimo humu," mke wangu akasema, akijigonga kichwa kwa mkasi. "Nikilala navyo huko hospitali, watu watatembea uchi."

Alitaka vitoke kichwani mwake kabla ya siku ya kulazwa. Viandikwe mahali binti atavikuta. Hilo tu ndilo alilotaka.

Mkwe akasema jambo hilo ni dogo.

Hapa nieleze kuhusu mkwe. Ni kijana mpole mno. Alimheshimu mama mkwe wake mpaka ikawa shida. Hakumtazama usoni, wala hakumsemesha moja kwa moja. Tukiwa mezani aliniambia, "Baba, naomba uniombee chumvi kwa mama." Chumvi iko mbele yake. Mama yuko mbele yake. Mimi ndiye niko mbali.

Akaleta kompyuta ya zamani, akaiweka karibu na cherehani. Akasema atatengeneza ukurasa. Unaandika jina la mteja, unaandika vipimo, unabonyeza kitufe kimeandikwa Hifadhi. Vinakaa humo milele.

"Baba," akaniambia, "wewe umejenga. Hii inaitwa fremu ya Python, lugha ya kompyuta. Ni kama mtu ameshakusimamishia nguzo na mikanda ya zege. Mimi naingiza matofali tu."

"Na hizo JavaScript unazozisemasema?" mke wangu akauliza huku akipiga cherehani.

Mkwe akanigeukia mimi. "Baba, JavaScript ni faili zinazokuja humo humo kwenye fremu. Ndizo zinazofanya kitufe kisikie kikibonyezwa. Bila hizo, kitufe ni picha tu."

"Kama kifungo kisicho na tundu," mke wangu akasema.

"Ndiyo, baba," mkwe akajibu.

Mke wangu alitaka kuiwasha na kuizima mwenyewe. Mashine iliyo chumbani mwake haishikwi na mtu mwingine. Alishawahi kuhudhuria darasa la kompyuta la watu wazima. Siku ya kwanza walifundishwa kuwasha, kufungua folda na kufuta kitu. Siku ya pili hakwenda, alikuwa na magauni ya harusi. Hivyo alijua mambo matatu, na aliyajua vizuri.

Mkwe akamfungulia folda. Yaani alinifungulia mimi, yeye akachungulia. "Baba, mwambie mama hizi za Python ndizo zetu. Asiziguse."

"Za Python ndizo zetu," mke wangu akarudia, kama anavyorudia kipimo.

Mchana ule kitufe kilisikia. Mke wangu akamwingiza mwalimu wa kwaya kwa majaribio. Tukashangilia. Binti akampiga picha mama yake ameweka mkono juu ya kompyuta kama mtu aliyeua mnyama.

Asubuhi yake ukurasa ukafunguka vizuri, rangi zote zipo. Akabonyeza Hifadhi. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Akabonyeza kwa upole. Akaiambia tafadhali. Kimya.

Mkwe akaja mbio. Akainama, akachungulia, akakuna kichwa.

"Baba, faili za JavaScript hazipo."

"Zimekwenda wapi?" mke wangu akauliza.

"Baba, mimi sijui. Jana zilikuwepo."

Akasema ataiweka fremu upya. Akaandika amri, kompyuta ikajibu neno moja, mkwe akanisomea: inasema fremu tayari ipo.

Mke wangu akaacha kushona. "Ipo wapi? Mimi nikimwambia mteja gauni liko tayari, akaja akakuta mkono mmoja, atanipa pesa?"

"Baba," mkwe akasema, "hii inachungulia mlangoni tu. Ikiona jina la mwenye nyumba inasema wapo. Haiingii ndani kutazama kama watoto wametimia."

"Basi mwambie aivunje yote aijenge tena," mke wangu akaniambia mimi. Kumbe na yeye ameshaanza.

Mkwe akaing'oa yote. Akaiweka mpya. Watoto wakatimia. Kitufe kikasikia.

Kesho yake asubuhi, kimya.

Ikawa hivyo. Mkwe anaweka mchana, kinafanya kazi, anakwenda nyumbani anatabasamu. Asubuhi JavaScript hazipo. Anaambiwa tayari ipo. Anang'oa, anaweka. Asubuhi hazipo. Akabadilisha toleo. Akabadilisha waya. Akahamisha meza kutoka dirishani, eti jua. Mimi nikasema ni umeme. Binti akasema ni virusi, akamzuia hata mteja mwenye mafua.

Mke wangu akasema ni panya.

"Mama," binti akamwambia, "panya hali faili."

"Panya wa nyumba hii walikula satini ya bibi harusi. Watashindwa na hicho?"

Akatega mtego nyuma ya kompyuta. Kesho yake mkwe alipeleka mkono kuchomeka waya. Tukasikia paa! Mkwe akauma mdomo. Machozi yakamlengalenga.

"Asante, mama," akasema.

Ni shukrani ya kwanza kumpa moja kwa moja.

Lakini siku ya hospitali ilikuwa inakuja, na hakuna kipimo kilichoingia zaidi ya tumbo la mwalimu wa kwaya. Mke wangu akaanza kunung'unika vipimo akipika, akifua, akipanda kitandani. Niliamka nikamkuta ananipima paji la uso kwa vidole. Alipunguza kula. Binti akajaribu kuvishika kwa kusikiliza tu, akamchanganya mama wa duka la dawa na polisi. Sketi ya mama wa duka la dawa ikatoka na mahali pa kuweka mkanda wa rungu.

"Mume wangu," binti akamwambia mkwe mbele yetu sote, "kibao chako kule kazini kinasema unatengeneza kompyuta zote. Futa neno zote."

Maskini mkwe akaacha kula kwetu. Hata chumvi haombi.

Siku moja mvua ikanyesha alasiri, ikakataa kuacha. Mkwe alikuwa ameshamaliza kuweka JavaScript zake, anataka kwenda. Nikamwambia asubiri. Binti akampa chai. Kwa hiyo jioni ikamkuta kwetu, na haijawahi kumkuta kwetu tangu jambo hili lianze.

Mke wangu akamaliza kazi. Akachukua ufagio. Tukainua miguu. Akafagia vipande, akafagia nyuzi, akaokota pini kwa sumaku. Akasimamisha ufagio kwenye kona. Akanawa mikono. Akakaa mbele ya kompyuta.

"Sasa na huku ndani," akasema.

Akafungua folda. Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Hii ya Python, yetu. Hii ya Python, yetu. Hii si ya Python, kipande. Hiki kipande. Hivi vyote vipande." Akakusanya, akafuta. Kisha akaenda kwenye picha ya pipa pembeni, akalimwaga. "Mtu gani analala na pipa limejaa?"

Chai ikampalia mkwe. Ikamtokea puani. Akainuka, akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli. Nikamfuata.

"Baba."

"Naam."

"Mama anafagia."

"Kila siku."

"Anafagia kompyuta."

"Anapenda usafi."

"Baba, zile anazofagia ndizo JavaScript!"

"Basi mwambie."

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo. "Mimi? Baba, nitaanzaje? Mama mkwe wangu! Nimwambie mwizi ni yeye?"

Tukarudi ndani tumelowa. Mkwe akakaa akinielekea mimi, mgongo kwa mama mkwe wake, na mke wangu yuko pale pale, ningeweza kumgusa. Mkwe akaeleza. Alieleza kwa adabu, akaanzia mbali sana. Akasema kuna watu duniani wenye usafi wa hali ya juu, na usafi ni jambo jema, na hata hospitali zinauhitaji, ila kompyuta nayo ina tabia zake, na kuna vitu vinavyoonekana kama takataka lakini ndani ya moyo wake si takataka, na hakuna anayelaumiwa. Alipofika mwisho alikuwa anahema.

"Baba, naomba umwambie mama."

Nikamgeukia mke wangu. "Acha kufagia."

"Kufagia wapi?"

"Humo."

Akanitazama. Akamtazama mkwe mgongoni. Akaigeukia kompyuta, akafungua ukurasa, akabonyeza Hifadhi. Kimya. Akabonyeza tena, polepole.

Mvua ilisikika yote juu ya bati.

"Ulisema za Python ndizo zetu," akasema, safari hii akimwambia mkwe mwenyewe. "Nilisikia kwa masikio yangu. Sasa zisizo za Python ni za nani? Nilijua umeleta na vipande vya kazi za watu."

Hapo mkwe akageuka. Akamtazama mama mkwe wake usoni, mara ya kwanza tangu aoe.

"Mama, kosa ni langu. Zote ni zetu."

Mke wangu naye akamtazama. "Kumbe una macho mazuri," akasema.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika meza ya pasi. Alicheka akakaa sakafuni, pale alipofagia. "Nimetega mtego wa panya!" akasema, "na panya mwenyewe ndiye mtegaji!" Alicheka mpaka akashika kifua, binti akamkimbilia.

"Niacheni nicheke," akasema. "Moyo ni wangu."

Mkwe akaziweka upya pale pale na nguo zake zimelowa. Mke wangu akachukua chaki yake ya kukatia, akachora mstari kwenye ukingo wa kompyuta, kama anavyochora mahali ambapo mkasi haupiti. Akasema ndani ya mstari huo hataingiza ufagio tena.

Asubuhi kitufe kilisikia.

Ndipo wakaanza kuingiza. Mke wangu anasema, binti anaandika, miguu yake mwenyewe inaendelea kupiga cherehani. Aliutoa mtaa mzima kichwani.

"Mama wa duka la dawa. Kiuno usiandike anachokisema yeye. Andika ninachokisema mimi."

"Polisi. Mguu mmoja mfupi. Usimwambie, hajui."

"Mwalimu wa kwaya. Andika matumbo mawili, la kabla ya chakula na la baada ya chakula. Shona la baada."

"Mama, hapa pana nafasi ya tumbo moja."

"Mwambie mume wako aongeze. Si fundi?"

Na mkwe akaongeza. Alijibu, "Sawa, mama." Siku hizo alikuwa anaomba chumvi mwenyewe, tena anaiomba hata kama chakula kimekolea.

Wa mwisho nilikuwa mimi. Nilikuwa nje nachonga mpini wa jembe. Nikasikia dirishani.

"Bado baba," binti akasema. "Nimwite?"

"Wa nini? Andika. Bega la kulia limeshuka, ni la kubebea zege. Mkono wa kushoto mrefu kidogo. Shingo imepungua, siku hizi halali. Tumbo mwachie nafasi, ataniambia halijaongezeka."

Kitufe kikasikia. Nikaendelea kuchonga. Mpini ule niliuharibu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kabla ya asubuhi ile ya kifungo.

Hakurudi. Alipasuliwa, akaamka, akamwambia muuguzi kwamba sare yake imekatwa vibaya kwapani, akalala tena. Sina la kuongeza hapo.

Siku ya mazishi mwalimu wa kwaya alivaa suruali mpya nyeusi. Binti aliishona usiku na mchana kwa vipimo vya mama yake, tumbo la baada ya chakula. Aliongoza nyimbo zote akiwa amesimama. Alipandisha mikono juu kabisa. Suruali haikusema neno. Mimi nilikuwa natazama suruali tu. Watu walidhani nimeinamisha kichwa kwa huzuni. Ilikuwa huzuni pia.

Tuliporudi nyumbani watu walikuwa wengi, na viti vilitakiwa viingie chumba cha mbele. Sakafuni palikuwa vile vile alivyopaacha. Vipande vya bluu. Nyuzi. Gauni la mtoto limekatwa nusu. Binti akauchukua ufagio kwenye kona.

Mkwe akasimama mbele yake. "Hapana," akasema.

"Watu wanakuja, jamani. Wakute duka la mama chafu? Mama mwenyewe angesemaje?"

"Muulize baba," mkwe akasema. Safari hii hakuogopa mtu, alikuwa ameshindwa kusema tu. Maneno ya mama pale mlangoni aliyasikia mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa amebeba mkoba.

Binti akanigeukia. Nikamwambia viti vikae nje. Na vikakaa nje. Mpaka leo nikipita chumba kile nazunguka ukutani. Wateja wanaingia kwa mlango wa nyuma, na binti anawapimia jikoni. Hapimi miili. Anafungua ukurasa, na ukurasa unafunguka.

Asubuhi ile mke wangu aliacha mkasi juu ya kitambaa. Akavaa viatu. Alipofika mlangoni akashika mwimo, akageuka. Akatazama sakafu na vipande vyake. Akatazama kompyuta na mstari wa chaki. Akatutazama mimi na mkwe, kama tunaoweza kufanya lolote akitupa kisogo. Akatunyooshea kidole.

"Msifagie mpaka nirudi."